Lava, mawe mekundu au milia ya baharini: umwamini nani ukifuatilia safari ya mabara?

Kwa miongo mingi wanajiolojia walibishana kuhusu Madagaska. Wapo waliosema kisiwa hicho hakijawahi kuhama. Wapo waliokiweka ubavuni mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mlango-bahari. Na wapo waliomfuata Alexander du Toit wa Afrika Kusini, aliyesema tangu mwaka 1937 kwamba zamani Madagaska iliegemea huku juu, kwenye pwani za Tanzania, Kenya na Somalia. Ramani haikuweza kukata shauri. Ukikikata kisiwa kwa mkasi, kinakaa vizuri kiasi katika sehemu zote mbili.

Sumaku ndiyo iliyokata shauri, na ilikuja kwa njia mbili. Mwaka 1975 Brian Embleton na Michael McElhinny walichapisha vipimo vya mawe ya mchanga ya Isalo huko Madagaska, na mawe yakasema: kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipimo vya meli katika Bonde la Somali, bahari iliyo mbele ya pwani ya Kenya na Somalia, vikaonyesha milia ya sumaku, yaani kanda za mwamba zenye usumaku unaopishana wa kawaida na wa kinyume, iliyolala takriban mashariki-magharibi kwenye sakafu ya bahari. Kisiwa kilikuwa kimeteleza kusini zaidi ya kilomita elfu moja, kikipita kando ya Mgongo wa Davie, mwinuko ulio chini ya bahari kati yake na Afrika, kuanzia miaka milioni 160 hivi iliyopita hadi mahali fulani kati ya milioni 130 na 120.

Mashahidi wawili, jibu moja. Haiwi hivyo siku zote. Wanafunzi wa jiolojia na walimu wa jiografia huniuliza waanze na mawe gani wakitaka kuonyesha kwamba bara limetembea: lava, mawe mekundu ya mchanga, au milia ya baharini. Nimezipima mbili za kwanza kwa mikono yangu, na ya tatu nimeisoma katika takwimu za meli kwa miaka. Nitaeleza kila moja inatoa nini, inaficha nini, na ni wakati gani uiache.

Jiwe linakumbuka nini

Msingi ni mmoja. Ndani ya mwamba mna punje ndogo za madini ya chuma. Zilizo muhimu ni za aina mbili: magnetiti, nyeusi, ile inayoruka kwenye sumaku ukiipitisha juu ya mchanga mweusi wa ufukweni, na hematiti, nyekundu, ile inayoyapa mawe na udongo rangi ya matofali. Magnetiti ikipata joto kupita nyuzi 580 za Selsiasi hupoteza usumaku wake wote. Hematiti huvumilia mpaka karibu 675. Zikipoa hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa mahali pale na wakati ule, na zinaweza kuushikilia kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwelekeo huo una sehemu mbili. Kuna mchepuko, yaani sindano inaangalia upande gani wa dira. Huu unakwambia kama bara limezungushwa. Halafu kuna mwinamo, yaani sindano inainama kiasi gani kuelekea ardhini, na humu ndimo mlimo hazina. Kwenye ikweta sindano hulala kabisa. Kwenye ncha husimama wima. Katikati yake kanuni ni fupi: tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Ukipata mwinamo wa nyuzi 19, jiwe lilizaliwa karibu na latitudo 10. Ukipata 49, ni latitudo 30. Ukipata 63, ni 45.

Sasa angalia kile ambacho kanuni hiyo haitoi. Haitoi longitudo. Uga wa dunia, ukichukua wastani wake wa maelfu ya miaka, unafanana pande zote za mhimili. Jiwe lililozaliwa latitudo 10 kusini halina namna ya kukwambia kama lilizaliwa upande wa Brazili au upande wa Java. Mtu akilisahau hili atachagua jiwe zuri kwa swali lisilo lake, na nimeona tasnifu nzima ikikwama hapo.

Lava: mwenye sauti kubwa, lakini anasimulia siku moja tu

Ukiniambia nichague mwamba wa nchi kavu kwa macho yaliyofungwa, nitachagua lava. Usumaku wake ni mkubwa, kwa hiyo hata chombo cha kawaida maabarani kinausoma bila shida. Umri wake unapimika kwa gesi ya argoni iliyonaswa ndani ya madini yake. Na usumaku mchafu uliojibandika baadaye huondoka kwa urahisi: sampuli hutiwa ndani ya uga wa sumaku unaopinduka-pinduka na kupunguzwa taratibu, au huokwa hatua kwa hatua, nyuzi 100, 200, 300, ikipimwa baada ya kila hatua, mpaka mwelekeo wa asili unabaki peke yake.

Tatizo lake ni haraka. Mkondo wa lava unapoa kwa siku au wiki, na unashika mwelekeo wa sumaku wa siku hizo tu. Mwelekeo huo huyumba. London dira ilielekea kaskazini halisi katikati ya karne ya 17. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imekwenda nyuzi 24 magharibi. Jiji halikusogea. Kwa hiyo ukitoboa sampuli mia moja katika mkondo mmoja, una picha mia za siku ileile. Unahitaji makumi ya mikondo iliyopishana kwa maelfu ya miaka, ndipo kuyumba kule kunapofutana na wastani unakuwa wa kuaminika.

Dekani ya India ndiyo mahali ambapo lava inatimiza sharti hilo kwa ukarimu. Ni lava juu ya lava, ngazi juu ya ngazi, na katika milima ya Mahabaleshwar rundo linapita kilomita moja kwenda juu. Ilimwagika karibu miaka milioni 66 iliyopita. John Clegg na wenzake wa Imperial College, London, walichapisha vipimo vyake mwaka 1956, wakati ambapo wengi wa wanajiolojia wa Ulaya na Marekani bado waliona habari ya mabara kutembea kuwa ni ndoto. Leo lava hiyo iko karibu na latitudo 18 kaskazini. Usumaku wake unasema ilizaliwa karibu latitudo 30 kusini. Piga hesabu mwenyewe: nyuzi 48 za latitudo, kila moja kilomita 111, ni zaidi ya kilomita 5,300. Gawanya kwa miaka milioni 66 na unapata wastani wa sentimita 8 kwa mwaka. Na kabla haijagonga Asia, India ilikwenda kasi kuliko hapo. Kwangu mimi hii ndiyo hesabu nzuri kuliko zote za kumfundishia kijana wa kidato cha nne. Penseli inatosha.

Kazi ya uwandani nayo ieleweke kabla hujaipenda. Unabeba keekee yenye injini ndogo ya petroli, kama ya msumeno wa kukatia miti, iliyofungwa bomba lenye meno ya almasi. Mmoja anashika mashine, mwingine anapampu maji ili bomba lisiungue. Tope jeusi linakurukia mpaka kwenye nyusi. Baada ya dakika kadhaa unabaki na silinda ya jiwe yenye kipenyo cha sentimita 2.5, bado imeshikamana na mwamba kwa chini. Usiivunje. Kwanza chomeka mrija wenye kimeza kidogo juu yake, weka dira, soma upande na mwinamo, kisha pitisha kijiti cha shaba kwenye ufa wa mrija na ukwaruze mstari ubavuni mwa jiwe. Shaba, si chuma. Chuma kikiwa karibu na dira kinaharibu kila kitu, na simu mfukoni ni hivyohivyo. Silinda ikivunjika kabla ya mstari huo kuchorwa, umepoteza sampuli, maana hakuna tena awezaye kujua ilikuwa imeangalia wapi.

Juu ya lava dira yenyewe haiaminiki, kwa sababu mwamba unaivuta. Hapo tunatumia dira ya jua: kijiti kilichosimama, kivuli chake, na saa iliyoandikwa mpaka dakika. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi: miezi ambayo jua linapita utosini, saa sita mchana kivuli kinakuwa kifupi hata hakisomeki. Panga kazi ya asubuhi na alasiri.

Halafu kuna radi. Niliwahi kutoboa kileleni mwa kilima cha basalti, lava nyeusi iliyoganda, kwa sababu ndipo mwamba ulipokuwa wazi na mgumu, bila kichaka. Maabarani sampuli zilitoka na usumaku mkali usio wa kawaida, kila moja ikiangalia kwake, zingine zikiwa zimetengana mita mbili tu. Radi ilikuwa imepiga pale, pengine mara nyingi, na mkondo wa umeme ukaandika upya usumaku wa mwamba. Tangu siku hiyo vilele naviacha. Natafuta ukuta wa barabara iliyokatwa mlimani, machimbo ya kokoto, au korongo la mto, mahali ambapo mwamba ulikuwa umefunikwa mpaka majuzi.

Lava ndiyo iliyotupa pia kalenda ya sumaku, na bila kalenda hiyo milia ya baharini isingesomeka. Mwaka 1906 Bernard Brunhes wa Ufaransa aliona mwamba wenye usumaku ulioelekea kinyume na wa leo. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha kwamba mawe ya kinyume ni ya zamani kuliko yale ya kawaida. Dunia hupindua ncha zake, na mara ya mwisho ilifanya hivyo karibu miaka 780,000 iliyopita. Kipande kimoja cha kalenda hiyo kina jina la Tanzania. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walitangaza kwamba basalti ya tabaka la chini la Korongo la Olduvai ina usumaku wa kawaida, katikati ya zama ambazo mawe mengine duniani yamepinduka. Kipindi hicho kifupi, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, kinaitwa Olduvai mpaka leo, iwe unachimba tope la Bahari ya Pasifiki au vumbi la China.

Mawe mekundu: mwenye subira, lakini amelaliwa na mzigo

Mchanga na tope vinapotulia majini, punje za hematiti na magnetiti hugeuka polepole zikafuata uga wa sumaku, kama vipande vya dira vinavyozama. Tabaka moja linaweza kuchukua karne kutengenezeka. Ukikata sampuli katika unene wa mita mia kadhaa, kuyumba kwa sumaku kumeshafutana kwenyewe. Kile ambacho kwa lava unakitafuta kwa makumi ya mikondo, hapa unakipata kwa kupanda ukuta mmoja wa korongo.

Na mawe haya ndiyo yaliyoanzisha kazi ya kupima safari ya mabara kwa sumaku. Miaka ya 1950 vijana waliokuwa chini ya Keith Runcorn huko Cambridge, akina Edward Irving na Ken Creer, walizunguka Uingereza na Uskoti wakikusanya mawe ya mchanga mekundu. Mwaka 1954 Clegg na wenzake, Mary Almond na Peter Stubbs, walionyesha kuwa mawe ya enzi ya Triasi (miaka milioni 250 hadi 200 hivi iliyopita) ya Uingereza yana mwinamo mdogo sana kuliko wa leo na mchepuko uliozunguka karibu nyuzi 34: nchi yao ilikuwa imezunguka na kupanda kaskazini. Mwaka huohuo tasnifu ya Irving ilikataliwa. Alikwenda Australia akaendelea kupima, na historia ikampa haki.

Kwetu pia yapo. Mwaka 1964 Neil Opdyke alichapisha usumaku wa mawe mekundu ya enzi ya Permi, iliyoitangulia Triasi, kutoka kusini-magharibi mwa Tanganyika. Ni ya familia moja kubwa ya matabaka yanayoitwa Karoo, yaleyale yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Aliyewahi kupita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ameyakanyaga ya jamaa yao bila kujua, kule Mariakani na Mazeras.

Sasa ubaya wake, na ni mkubwa kuliko wengi wanavyokubali. Mchanga hufunikwa na mchanga mwingine, kisha mwingine, kilomita kwenda juu. Uzito huo unabana tabaka na kulaza punje za sumaku. Mwinamo unapungua. Chukua mfano: mchanga ulitulia latitudo 30, mwinamo wa kweli nyuzi 49. Mzigo ukipunguza tanjenti ya mwinamo hadi asilimia 60, kiasi ambacho si cha ajabu kwa hematiti, utapima nyuzi 35. Kanuni itakwambia latitudo 19. Umelisogeza bara nyuzi 11, zaidi ya kilomita 1,200, kuelekea ikweta, na hakuna kitu katika takwimu zako kitakachokupigia kelele: sampuli zote zitakubaliana kwa uzuri. Kosa la namna hii ndilo baya kuliko yote kwa sababu linafanana na ukweli.

Dawa ipo. Maabara inaweza kupima jinsi punje zilivyolazwa kwa kulinganisha nguvu ya usumaku ikiwa wima na ikiwa mlalo, au kwa kuchunguza umbo la mtawanyiko wa mielekeo ya sampuli zako. Njia ya pili inahitaji sampuli mia na zaidi. Kama huna uwezo wa moja kati ya hizo, mawe mekundu yatumie kwa mchepuko na kwa kujua ncha zilipinduka lini, usiyatumie kwa latitudo.

Kuna jingine. Hematiti yaweza kuota ndani ya mchanga baadaye sana, maji ya ardhini yakipita na kuacha kutu yake. Hapo jiwe ni la Permi lakini usumaku wake ni wa juzi. Njia ya kulinasa ni ya zamani na bado naipenda kwa usafi wake: tafuta mahali tabaka limekunjwa. Pima upande huu wa mkunjo na upande ule. Kisha katika hesabu kunjua tabaka lirudi kulala. Kama mielekeo inaungana ukishakunjua, usumaku ni mkongwe kuliko mkunjo. Kama iliungana kabla hujakunjua, ulikuja baada ya mkunjo, na kazi yako ya latitudo imekwisha hapohapo. Hematiti haisafishwi na uga unaopinduka-pinduka. Lazima tanuri, tena tanuri lililokingwa lisipate sumaku ya dunia, mpaka nyuzi 680. Uliza kama maabara yako inalo kabla hujakodi gari.

Milia ya baharini: mwenye saa mkononi, lakini bado kijana

Mwishoni mwa mwaka 1962 meli ya Uingereza HMS Owen ilipima sumaku juu ya Mgongo wa Carlsberg, katika Bahari ya Hindi, kati ya Afrika na India. Fred Vine na Drummond Matthews walizichukua takwimu hizo na Septemba 1963 wakachapisha wazo ambalo Lawrence Morley wa Kanada alikuwa amelifikia kivyake: sakafu ya bahari huzaliwa kwenye migongo, yaani safu za milima iliyo chini ya bahari, lava mpya inashika sumaku ya wakati wake, kisha inasukumwa pande zote mbili. Ncha zikipinduka, lava inayofuata inakuwa kinyume. Matokeo ni milia kama ya punda milia, upande mmoja ukiwa kioo cha upande wa pili. Wengi wakizungumzia milia hii hutaja Atlantiki. Napenda wasomaji wa pwani yetu wajue kwamba ilisomwa kwa mara ya kwanza katika bahari wanayoiona wakisimama Feri au Forodhani.

Milia inatoa kile ambacho mawe ya nchi kavu hayana. Ina umbali na ina saa. Upana wa mlia ukiugawa kwa muda wake kwenye kalenda, una kasi. Na kwa sababu inaonyesha bara limeachana na lipi, na kwa upande gani, tatizo la longitudo linapungua sana. Kwa Afrika na Amerika Kusini, ambazo ziliachana zaidi kwa mashariki-magharibi, mwinamo wa mawe peke yake ungekuhangaisha. Milia ya Atlantiki inakupa jibu kwa rula.

Huhitaji meli. Vipimo vingi vya meli vya miongo iliyopita vimewekwa wazi mtandaoni na NCEI, kituo cha serikali ya Marekani cha takwimu za mazingira, bila malipo, na kwa mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura asiye na keekee wala tanuri hii ni neema ya kweli.

Mipaka yake ni mitatu. Sakafu kongwe ya bahari iliyobaki ina miaka milioni 180 hivi tu. Iliyotangulia imeshazama na kumezwa ndani ya dunia. Pili, kati ya miaka milioni 121 na 83 iliyopita ncha hazikupinduka kabisa, na sakafu yote iliyozaliwa wakati huo ni bapa, haina mlia wa kuhesabu. Tatu, karibu na ikweta ya sumaku milia iliyolala kaskazini-kusini karibu haionekani, kwa sababu uga wa huko unaelekea sambamba nayo. Bonde la Somali lilikuwa na bahati ya milia iliyolala mashariki-magharibi.

Kuhusu vipokezi vya GPS, ambavyo kila mtu huviuliza: vinapima mwendo wa leo kwa uhakika wa milimita, na ndivyo vinavyoonyesha upande wa mashariki wa Bonde la Ufa ukijitenga na Afrika nyingine kwa milimita chache kila mwaka. Ni vipimo vya miongo. Havina neno la kusema kuhusu Gondwana, bara kuu la kale lililounganisha Afrika, Madagaska, India na mabara mengine ya kusini.

Basi uchague nini

Nianze na la kuacha, maana ndilo linalorudi kila mwaka. Mwanafunzi anataka kutumia lava za Ngorongoro au Kilimanjaro kuonyesha kwamba Afrika imetembea. Afrika inakwenda karibu sentimita 2.5 kwa mwaka. Katika miaka milioni 2 hiyo ni kilomita 50, chini ya nusu nyuzi ya latitudo. Kazi nzuri ya sumaku ya mawe huwa na duara la mashaka la nyuzi kama 5, sawa na kilomita 550. Unapima sindano kwa mzani wa magunia. Lava hizo ni nzuri ajabu kwa kalenda, kwa kupata umri wa mabaki ya binadamu wa kale, kwa kujifunza keekee na dira ya jua. Kwa safari ya bara, tafuta mwamba wenye miaka milioni 60 na kwenda juu, na ukiwa na mia mbili ni bora zaidi.

Kama tukio unalouliza lina chini ya miaka milioni 160 na kuna bahari kati ya vipande viwili, anza na milia, hata kama mawe yako jirani na unayapenda. Nenda nchi kavu baadaye, kuthibitisha.

Kama tukio ni la zamani kuliko hapo, baharini hupati mlia wa kutegemea. Ni mawe ya nchi kavu peke yake yanayojua kwamba karibu miaka milioni 445 iliyopita Sahara ilikuwa jirani na Ncha ya Kusini, na barafu ilikwaruza mwamba wake. Hapa lava iliyopangika vizuri, mikondo mingi, yenye umri uliopimwa, naiweka mbele ya mawe mekundu, hata kama inanigharimu safari ndefu zaidi. Mawe mekundu nayachukua pale lava isipokuwepo, ambako ni sehemu kubwa ya Tanzania ya kusini na pwani ya Kenya, na nayachukua kwa sharti la mkunjo na kipimo cha kulazwa.

Na kama swali lako ni la mashariki-magharibi na ni la zamani kuliko bahari zote? Hapo usipime bara moja. Pima mawili, ya umri mmoja, katika vipindi vingi, uchore njia ambayo ncha inaonekana kupita ukisimama kila bara. Miaka ya 1950 akina Runcorn waliona kwamba njia ya Ulaya na ya Amerika Kaskazini zina umbo moja, lakini zimeachana kama nyuzi 30 za longitudo. Funga Atlantiki, na njia mbili zinalaliana. Runcorn mwenyewe, ambaye awali alidhani ni ncha tu inayozurura na si mabara, alibadili msimamo mwaka 1956 kwa ajili ya mistari hiyo miwili.

Madagaska ilikuwa swali rahisi kwa sababu moja ambayo Embleton na McElhinny waliijua kabla hawajapima: Msumbiji na Kenya zimepishana kwa latitudo. Mchanga wa Isalo ungeweza kupungua mwinamo kidogo na bado ukatofautisha sehemu hizo mbili. Kama mabishano yangekuwa kati ya sehemu mbili zilizo latitudo moja, wangepanda milima ile na kurudi bila jibu, na sampuli zikiwa safi vilevile.